Rejeleo la Kumi na Nne

Ukimuuliza daktari yeyote wa Garissa aliyewahi kuandika makala ya jarida ni nani aliyemtoa jasho zaidi, profesa wake au Barwaqo Shuaib, atafikiri kidogo kabla ya kujibu. Profesa husahau, Barwaqo hasahau. Mpelekee orodha ya marejeleo hamsini, akute la thelathini na moja halina nambari za kurasa, basi jua umejitakia. Atakupigia simu uwe wodini, uwe harusini, uwe umekaa na wakwe zako, na atakuuliza kwa ile sauti yake ya upole ambayo ni mbaya kuliko kufokewa: "Daktari, huyu wa thelathini na moja ulimwokota wapi?"

Kazi yake ndiyo hiyo, na anayedhani ni kazi ndogo hajawahi kuifanya. Mtu akiandika utafiti wa kitabibu, kila kauli isiyo yake lazima ioneshe ilikotoka: nani aliyeisema, mwaka gani, jarida gani, kurasa zipi. Na majarida hayana mtindo mmoja. Hili linataka nambari ndani ya mabano, lile linaitaka juu ya mstari. Hili linataja waandishi sita kisha "na wenzake", lile linachoka kwa watatu. Nukta moja ikikaa mahali pa mkato, mswada unarudishwa. Madaktari wanaoweza kumzalisha mama kwa mwanga wa tochi ya simu huziogopa nukta hizo kuliko nyoka, na ndiyo maana wanampelekea Barwaqo.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la vitambaa la mdogo wake Jawahir, pale soko la Suq Mugdi. Kuingia lazima upite katikati ya madera yaliyotundikwa, utoke na harufu ya udi kichwani. Ndani mna meza, kompyuta mbili, feni inayolalamika kila ikigeukia dirishani, na chupa ya chai isiyokauka. Barwaqo mwenyewe yuko upande wa miaka hamsini, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Mumewe ni dereva wa lori la mifugo. Watoto anao, Mungu awakuze, na idadi yao haituhusu.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa kumbukumbu kwa miaka ishirini na miwili katika hospitali moja ambayo haina haja ya kutajwa. Kazi ya marejeleo aliiangukia tu. Daktari mmoja kijana alimwomba amsaidie kupanga orodha, naye alipoanza akaona raha ambayo hakuitarajia. Ilimkumbusha utotoni. Alikuwa kifungua mimba wa nyumba yao, na alipofika miaka sita bibi yake alimsimamisha mbele ya wageni ataje nasaba: Barwaqo binti Shuaib, Shuaib wa Duale, Duale wa fulani, mpaka babu wa kumi na tano, bila kuruka hata mmoja. Akiruka anaanza upya. Tangu siku hizo Barwaqo hakuweza kuona jambo lolote bila kutaka kujua baba yake ni nani. Kwake kauli isiyo na asili ni kama mgeni aliyeingia uani bila kubisha hodi.

Kitu kimoja tu kwenye majarida kilimchekesha. Wazungu hudhani jina la mwisho ni jina la ukoo, kwa hiyo hulitanguliza. Jina la mwisho la Msomali ni la babu. Basi mzee Ogle wa Banissa, babu yake Dokta Mustaf, aliyechunga ngamia mpaka akafa bila kushika kalamu, ametajwa mara sitini na tatu katika majarida ya London na Geneva. "Mzee Ogle amesoma kuliko sisi sote," Barwaqo humwambia Mustaf kila akija, na Mustaf hucheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Ila ana kasoro moja, na tusimfiche. Barwaqo hasomi makala. Anasoma mkia tu. Unaweza kumpa utafiti wa tiba ya kufufua wafu, yeye atashuka moja kwa moja hadi kwenye orodha ya marejeleo na kukuuliza mbona la tisa halina mwaka.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, Bilan alipita katikati ya madera akiwa ameshika karatasi zilizokunjwa kama mtu aliyetaka kuzitupa njiani akajizuia. Bilan ni afisa wa kliniki, binti wa Kotile, ana miaka ishirini na minane. Si ndugu wa Barwaqo, lakini tangu siku ya kwanza alimwita eeddo, yaani shangazi, na Barwaqo naye akampenda kama wa kwake. Mswada wake ulihusu brusela, ile homa inayotoka kwenye maziwa mabichi na kumlaza mtoto wiki nzima akiumwa viungo kama mzee. Miezi minane Bilan alikuwa amezunguka Kotile na Sangailu akipima damu za watoto wa wafugaji. Chuo kikuu kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, kwa sharti kwamba mswada huo ukubaliwe na jarida kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

"Wamekataa?" Barwaqo aliuliza.

"Bado. Ila wanakaribia." Bilan aliketi bila kukaribishwa. "Soma hapo kwa mhakiki wa pili, eeddo."

Mhakiki wa pili, mtu asiye na jina kama ilivyo desturi ya wahakiki wanaolipimia jarida miswada, alikuwa ameandika hivi: mwandishi anasema watoto ishirini na wawili kati ya mia wana brusela; inajulikana wazi kwamba katika jamii hizo ni thelathini na wanane kati ya mia, kama mwandishi mwenyewe anavyotaja katika rejeleo la kumi na nne; mwandishi aeleze kwa ushahidi tofauti hii imetoka wapi, la sivyo itabidi tuamini kwamba alihesabu vibaya. Jibu lifike kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa.

"Ulihesabu vibaya?" Barwaqo aliuliza, kwa sababu yeye huuliza.

"Sikuhesabu vibaya." Macho ya Bilan yalianza kujaa. "Lakini nitasema nini? Hiyo thelathini na nane iko kila mahali. Kila aliyeandika kuhusu brusela ya huku ameitaja. Mimi ni nani?"

"Wewe ni Bilan," Barwaqo alimjibu akimmiminia chai. "Niachie huyo wa kumi na nne. Nataka kujua baba yake."

Alikuwa anamjua huyo wa kumi na nne, au alidhani anamjua. Kilikuwa kitabu kinene cha mwaka 2016 kilichoandikwa na watu wenye vyeo virefu. Alishakipanga katika orodha za madaktari wengi, jina la mchapishaji mahali pake, mji mahali pake. Wala hakuwahi kwenda mbele zaidi, kwa kuwa kitabu kinene hutia imani. Sasa alikifungua. Kitabu kilisema thelathini na nane, na kikaelekeza kwenye makala ya 2011. Makala ya 2011 haikupima mtoto hata mmoja. Nayo ilielekeza kwenye makala ya 2004. Alhamdulillah, alijisemea, tunapanda kwa babu. Makala ya 2004, aliyoipata Jumatano asubuhi baada ya kumsumbua mkutubi mmoja wa Nairobi, iliandikwa na mtafiti mgeni aliyekaa Garissa wiki tatu. Naye hakupima mtu. Thelathini na nane aliipata kwenye ripoti ya mwaka 1999 ya hospitali moja ya Garissa, jedwali la sita.

Hospitali yenyewe ndiyo ile isiyo na haja ya kutajwa.

Barwaqo alifurahi, maskini. Alidhani bahati imemwangukia. Alimpigia simu Korane, mlinzi wa stoo ya kumbukumbu, mtu aliyefanya kazi naye tangu ujana na ambaye mpaka leo huzungumza naye Kiswahili cha ofisini kwa mazoea tu.

"Korane, ripoti ya tisini na tisa ipo? Nataka jedwali la sita."

"Iko, iko. Mchwa amekula kidogo huko mbele, lakini hiyo jedwali ya sita ni mzima. Ngoja nakutumia bicha."

Picha ilifika kabla ya adhuhuri. Ukurasa wa manjano, herufi za taipureta. Akina mama waliohojiwa: 100. Watoto wao: 500. Watoto waliokutwa na brusela: 190. Asilimia: 38. Chini kabisa upande wa kushoto, mahali ambapo wapiga chapa wa zamani walikuwa wakiacha alama yao, palikuwa na herufi mbili ndogo: bs.

Aliivua miwani, akaifuta kwa ushungi, akaivaa tena. Herufi zilikuwa pale pale. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye.

Mwaka ule wa 1999 alikuwa na miaka ishirini na minne, mwezi wa pili kazini. Daktari mkuu wa wakati ule, mtu wa bara, mwema lakini mwenye haraka, alimpa fomu zenye safu tatu: jina la mama, idadi ya watoto wake, walioonekana wagonjwa kwa kipimo cha damu. Safu ya wagonjwa ilitoka maabara, haikuwa na shida. Ya katikati ndiyo aliyopewa yeye akaijaze kwenye benchi la kliniki. Aliketi karibu na mama wa kwanza, mfugaji wa Sangailu, akamuuliza ana watoto wangapi. Mama yule alimtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo sokoni. "Wewe binti," alisema, "si umezaliwa na watu?"

Na Barwaqo alijua. Kwao mtu hahesabiwi watoto wake mbele ya uso wake, kama asivyohesabiwa ngamia wake. Hesabu huita jicho, na jicho likiitwa haliji bure. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atasema Alhamdulillah, na hilo ndilo jibu. Karani wa kutoka mbali angeng'ang'ania mpaka apewe nambari yoyote. Barwaqo alikuwa amelelewa vizuri, kwa hiyo aliona haya, akaacha. Mama wa pili Alhamdulillah, wa tatu Alhamdulillah, hata mama yake mwenyewe aliyekuja siku ile na Liban, kitinda mimba wao mwenye homa, alimkazia jicho kabla hajafungua mdomo. Ilipofika mwisho wa wiki safu ya katikati ilikuwa tupu, na daktari mkuu aliitaka Jumatatu.

Basi aliandika tano. Kila mstari, tano. Hakuiokota hewani: nyumbani kwao walikuwa watano, yeye, Jawahir, Shirwa, Yonis na Liban, na wao walikuwa watu wa kawaida. Aliona ni nambari ya heshima, si nyingi ya kumwonea mtu wala chache ya kumtukana. Hakuna aliyemuuliza. Akina mama mia moja kamili wenye watoto mia tano kamili, na kwa miaka ishirini na tano hakuna msomi hata mmoja aliyepiga chafya.

Alichukua kalamu, akafanya hesabu aliyopaswa kuifanya akiwa msichana. Akina mama wa benchi lile hawakuwa wa watoto watano. Walikuwa wa wanane, wa tisa. Waliougua mia na tisini, ukiwagawa kwa watoto mia nane na hamsini, unapata ishirini na mbili na ushee. Nambari ya Bilan. Mtoto wa watu alikuwa amehesabu sawasawa, akapewa jina la mzembe kwa ajili ya uzembe wa mwingine.

Kisha akafungua jalada la kazi zake za zamani, akatafuta. Rejeleo lile alikuwa amelipanga kwa mikono yake katika miswada kumi na moja. Mara kumi na moja alikuwa amelisugua kosa lake mpaka linang'aa, na nukta zote zikiwa mahali pake. Yeye anayewapigia watu simu harusini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tusimfanye malaika. Jumatano hiyo alasiri Barwaqo aliwaza mambo. Aliwaza kwamba ripoti iko moja tu duniani, na mchwa wameshaanza. Aliwaza kwamba akina BS wako wengi. Aliwaza kumwambia Bilan aandike tu kwamba mbinu zimebadilika tangu zamani, maneno ambayo wahakiki huyapenda kwa sababu hayana maana. Jina lake mjini lilisimama juu ya jambo moja: Barwaqo haandiki asichokiona. Jina hilo likianguka, nani atapita tena katikati ya madera? Alifunga chumba mapema, akamwambia Jawahir kichwa kinamuuma. Nyumbani Bulla Iftin alikataa chakula, na mama yake, Hooyo Zeinab, anayeishi naye tangu afiwe na mumewe, alimtazama sana. Barwaqo aliogopa. Si maneno ya kuzungushwa: mwanamke huyu asiyeogopa maprofesa aliogopa karatasi moja ya manjano.

Lakini kila alipofika mwisho wa mawazo yake alimkuta Bilan ameketi pale, karatasi zimekunjwa mkononi, akiuliza yeye ni nani.

Alhamisi asubuhi alimwita. Aliweka simu mezani yenye picha ya jedwali, akamwonesha herufi mbili za chini, akamweleza yote kuanzia benchi mpaka Jumatatu. Hakujitetea, ingawa alikuwa na utetezi.

Bilan aliisogeza simu karibu, akazitazama herufi zile. Feni ililalamika mara tatu.

"Eeddo," alisema mwishowe, "nilirudi Kotile mara ya pili kwa sababu ya hiyo thelathini na nane. Mvua ilitukuta njiani, tukalala kwenye gari siku mbili. Nilirudia hesabu mara nne. Nilifikiri mimi ni mjinga."

"Najua."

"Hujui." Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Kisha hasira ikamshinda kuibeba. Watu wa kwao hawajui kumkasirikia shangazi kwa muda mrefu. "Sasa tutaandika nini? Tusikutaje. Tuseme ripoti ile ina walakini, basi."

"Mhakiki atauliza nani anasema. Wewe ungeuliza. Mimi ningeuliza kabla yake." Barwaqo aliinamisha macho. "Lakini kwanza niambie kitu kimoja. Makala yako nilisoma mkia tu. Wewe ulifanyaje? Wale akina mama walikubali vipi kukuhesabia?"

Bilan alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. "Hawakunihesabia. Nani atakubali? Nilikaa nao chini, nikasema: mama, nitajie majina yao, mmoja mmoja, niwaombee dua. Wakataja wote. Walio malishoni, walio Dadaab kwa shangazi zao, wa mgongoni. Kila jina nikasema Mungu amkuze, nikaliandika. Kuhesabu nilihesabu baadaye peke yangu, garini."

Barwaqo alisikia kitu kikimpanda kifuani, na hakikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na wivu humo, na fahari, na uchungu wa miaka ishirini na mitano. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Kuuliza majina! Yeye aliyesimamishwa mbele ya wageni kutaja majina kumi na matano bila kuruka, siku ya kuuliza majina alikimbilia nambari. Alimshika Bilan mkono akaubusu, jambo ambalo eeddo hamfanyii mtoto, na Bilan akauvuta mkono kwa aibu.

"Hilo umeliandika kwenye mbinu zako?" Barwaqo aliuliza akijifuta macho.

"Sentensi moja."

"Andika aya. Mimi nitaandika barua."

Majarida yana mlango mdogo kwa mambo kama haya. Likiwepo jambo ambalo halikuchapishwa popote, ila lipo kwa mtu aliye hai, linaitwa mawasiliano binafsi. Haliruhusiwi kuingia kwenye orodha. Hukaa ndani ya sentensi yenyewe, kwenye mabano, na jina kamili la mtu na tarehe, pamoja na barua yake iliyotiwa sahihi. Barwaqo alishawakataza madaktari chungu nzima kuutumia mlango huo, akiuita mlango wa wavivu. Sasa aliinama aupite mwenyewe. Barua aliiandika kwa Kiingereza chake cha ofisini, na kwa Kiswahili ilisema hivi: Mimi, Barwaqo Shuaib Duale, ndiye niliyejaza jedwali la sita la ripoti ya mwaka 1999. Wagonjwa walipimwa, na idadi yao ni sahihi. Watoto hawakuhesabiwa. Niliandika watano kwa kila mama bila kuambiwa na mama yeyote. Naruhusu barua hii itumike na jina langu litajwe.

Bilan aliposoma alitaka aongeze sababu, kwamba ilikuwa haya, kwamba ndiyo desturi. Barwaqo alikataa. Sababu iko kwenye aya yako ya mbinu, alisema, atakayetaka ataiona. Walituma Ijumaa saa tano asubuhi, kabla ya swala, na Barwaqo ndiye aliyebonyeza.

Wiki iliyofuata aliwapigia simu watu kumi na mmoja. Mganga hajigangi, husema watu, lakini yeye alijiganga mchana kweupe na kila mtu akiangalia. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: rejeleo nililokupangia lina kosa, na kosa ni langu. Wawili walicheka. Watatu walishukuru, mmoja wao kwa dhati. Dokta Mustaf aliuliza tu kama mzee Ogle yuko salama, na hapo Barwaqo akacheka mpaka akalia. Lakini daktari mmoja bingwa, mtu mkubwa, alisema hawezi kumwamini tena karani anayebuni, akaja kuchukua mswada wake siku hiyo hiyo, na wawili wakamfuata. Mkubwa huyo siku hizi anapeleka kazi kwa kijana mmoja wa saiba, duka la intaneti, upande wa stendi, na inasemekana marejeleo yake yanarudi kila mara kama mbuzi waliopotea. Hatumcheki. Barwaqo aliumia, na kwa muda mchana wake mmoja kati ya miwili ulikuwa mtupu. Jawahir alikuwa anamletea chai na kukaa naye.

Jibu la jarida lilifika siku ya ishirini na tatu. Mswada umekubaliwa. Mhakiki wa pili alikuwa ameandika mstari mmoja: kwamba aya ya mbinu ingefaa isomwe na kila anayekwenda kupima watoto wa wafugaji. Bilan alikuja mbio akaangusha madera mawili njiani, akamkumbatia eeddo wake mpaka miwani ikakatika uzi. Aliacha nakala ya ukurasa wa tano, iliyopigwa mstari kwa kalamu mahali palipoandikwa Barwaqo Shuaib Duale, mawasiliano binafsi.

Alasiri hiyo Barwaqo aliichukua karatasi hiyo nyumbani. Hooyo Zeinab alikuwa kwenye mkeka wake uani, tasbihi mkononi. Hajui kusoma, lakini karatasi iliyoshikwa vile anaijua.

"Wameandika nini?"

"Wameandika jina langu, hooyo."

"Kwa wema?"

"Kwa kosa." Akamweleza. Hakuwahi kumweleza. Alimkumbusha kliniki ya zamani, benchi, homa ya Liban, na akina mama waliosema Alhamdulillah. "Kila mmoja nilimwandikia watano," alisema. "Hata wewe. Lakini yako ilikuwa kweli. Nambari yenyewe niliipata hapa kwetu."

Mama yake alizungusha tasbihi punje chache.

"Na huyo msichana, huyo wa Kotile, aliwauliza vipi?"

"Aliwauliza majina. Akamwombea dua kila mmoja."

Jawahir alikuwa amesharudi kutoka dukani, akasimama mlangoni na kikapu chake. Hooyo Zeinab aliweka tasbihi juu ya goti, akatazama chini kwenye mkeka, na kwa sauti ya kawaida kabisa akaanza.

"Samsam. Alikaa miezi minne, tulimzika njiani tukitoka Sangailu, mwaka wa ule ukame. Kisha wewe. Kisha Jawahir. Kisha Abdirizak, yeye alikuwa wa siku tisa. Shirwa. Yonis. Liban."

Barwaqo, aliyeitwa kifungua mimba maisha yake yote, alipiga magoti mkekani. Alisema Mungu amrehemu Samsam, kisha akasema Mungu amrehemu yule wa nne, lakini jina lake lilikuwa limempita kwa sababu hakuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo, na ilibidi amwombe mama yake alitaje tena.